Dakika Tatu za Mkalimani

Mkalimani ameniudhi kwa miaka mingi, na kufa kwake hakujaniondolea hasira. Alikufa wiki iliyopita. Walimzika siku ileile kabla ya alasiri, kama dini yake inavyotaka, na sisi tunaokaa ng'ambo ya laga hatukufika kwa sababu maji yalikuwa yamejaa, na njia ya kuzunguka ni ndefu. Tangu alipougua, wakazi walikuwa wamenichagua mimi nikaongee mahali pake kwenye kikao cha bajeti, Alhamisi. Mimi mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, ambaye sijawahi kushika maikrofoni hata kanisani! Ninaandika haya ili nitue mzigo kidogo kabla ya siku hiyo.

Kwa asiyeujua mtaa wetu wa Bulla Pesa, laga ni mto wa mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mbuzi na uwanja wa watoto. Mvua ikinyesha huko juu, hata kama kwetu jua linapasua mawe, maji huja kwa kishindo na kuukata mtaa vipande viwili. Zahanati iko upande wa mjini, pamoja na duka langu na nyumba ya Mkalimani. Nyumba zetu ziko upande wa pili. Kuna njia ya kuzunguka kwa barabara kuu, lakini hiyo ni safari ya mtu mwenye miguu mizima, si ya mama aliyeshikwa na uchungu. Mama Halima, anayeuza maziwa ya ngamia mbele ya duka langu, alijifungulia mchangani akingoja maji yapungue. Mtoto yuko, mzima, na watu humtania kwa kumwita Laga hadi leo. Sasa Kendi, binti yangu, ana mimba ya miezi saba, na mvua ndiyo hiyo imeanza. Tunachotaka ni daraja la miguu, la kupita mtu na mzigo wake.

Karibu kila mwaka tulimtuma Mkalimani akaliombe hilo daraja, na kila mara alirudi bila kulitaja.

Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mkalimani wa mabaraza tangu mimi sijahamia huku kutoka Meru. Chifu akija, mkuu wa wilaya akija, mgeni wa Nairobi akija, yeye ndiye aliyesimama pembeni na fimbo yake, kofia kichwani, ndevu zimetiwa hina, koti la sufu mwilini hata wakati wa joto la kukausha mate. Alichosema mkubwa kwa Kiswahili au Kiingereza, yeye alikigeuza Kiborana, na akiona nyuso za Wasomali au Waturkana zimepotea, aliwarudishia kwa lugha yao. Ofisi haikumtambua kwa barua yoyote ninayoijua. Wakubwa walihamishwa na wengine wakaletwa, yeye akabaki.

Karatasi hakuipenda. Hapo ndipo tulipogombana siku ya kwanza na ndipo tulipoishia. Kazi yangu ni karatasi. Nimechapa hotuba za harusi, za mahafali, za wagombea waliokosa kura, na wasifu wa marehemu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Yeye alikuja dukani kila asubuhi, akakaa kwenye benchi langu na kuniita Mama Karatasi.

"Mama Karatasi, leo umeandikia nani maneno ya mdomo yake?"

"Mzee, mtu akiandika hasahau."

"Hasahau karatasi. Watu je? Hii karatasi imeandikwa jana. Watu wamekuja leo. Itajua aje nani amekuja?"

Hapo niliwageukia wateja waliokuwa wanangoja, si kwa kushindwa.

Usidhani hakujua kusoma. Alisoma gazeti langu lote bila kulipa, miwani imefungwa kwa uzi, akikunja midomo kwenye maneno ya Kiingereza. Maagizo ya daktari aliyataka kwa maandishi makubwa. Akinunua mbuzi alidai karatasi ya mauziano na mashahidi wawili. Lakini umwambie asome mbele ya watu, alikutazama kama umemwambia avue viatu sokoni. Mtu anayesoma hotuba, alisema, amekuja na mdomo na kuuacha moyo kwa gari.

Chuki hiyo ilitokana na kazi yake, hilo namkubalia. Amesimama kwenye jua sikukuu baada ya sikukuu, mkubwa akisoma hotuba ndefu iliyotoka Nairobi, na yeye kazi yake ikiwa kuitafsiri hewa. Siku moja mkuu wa wilaya alisoma ukurasa mzima wa mambo ya uchumi bila kupumua, kisha akamgeukia. Mkalimani akafikiri kidogo, akawaambia watu sentensi moja. Watu wakacheka.

"Umewaambia nini?" mkubwa akauliza.

"Nimesema mwaka ilikuwa ngumu lakini serikali iko."

"Mimi nimesoma ukurasa mzima!"

"Ukurasa yote ilikuwa hiyo tu, bwana mkubwa."

Hapo nilicheka pia. Lakini kuna siku nyingine sikucheka. Ofisa mmoja aliletewa hotuba ambayo ukurasa wa tatu ulikuwa umechapwa mara mbili. Akausoma. Akafunua, akausoma tena, neno kwa neno, wala hakushtuka. Mkalimani hakutaka watu wasikie jambo moja mara mbili wakiwa juani, kwa hiyo mara ya pili akawaambia lililomjia: kwamba mbuzi watachanjwa. Watu wa kijiji cha Gotu wakafurahi. Baada ya siku chache wakaswaga mbuzi wao hadi mjini, wakakaa na vumbi lao nje ya ofisi ya mifugo, na hapakuwa na daktari, sindano, wala mtu mwenye habari.

"Mzee, umedanganya watu," nilimwambia.

"Mimi sijasema ni lini," akajibu, akafunua gazeti.

Nilitaka kumnyang'anya gazeti langu. Kipawa kile chote, na bado watu walirudi Gotu na mbuzi wenye kiu. Ndivyo alivyokuwa: ukimshika hapa kwa kumsifu, pale anakuponyoka kwa kukuudhi.

Halafu kuna siku ya vioo, ambayo wapenzi wake huitaja kila wanapotaka kunishinda. Mgeni mkubwa alikuja na mashine ya kusomea hotuba, vioo viwili vyembamba vilivyosimama kwenye miguu ya chuma mbele yake, kimoja kulia na kimoja kushoto. Maandishi yalipita humo yeye akiyaona, sisi tukiona vioo vitupu. Kumbuka mji wetu una jina baya huko chini, Nairobi, kwamba ni mji wa bunduki. Watu wakaanza kunong'onezana kwamba vile vioo ni vya kuzuia risasi. Wazee wa mstari wa mbele wakakasirika.

"Anatuogopa? Kwani amekuja kwa majambazi?" mmoja akasema kwa sauti, na mwingine akainuka aondoke.

Mgeni akawa anasoma kulia, anasoma kushoto, akidhani anatutazama. Kisha jenereta ikazimika. Mgeni akabaki mdomo wazi. Hakuwa na hata kipande cha karatasi, na kichwani hakuwa na kitu. Mkalimani akasubiri kidogo, kisha akaendelea kutafsiri. Mgeni alikuwa kimya kabisa, na yeye akamtafsiri! Akasema mgeni anawasalimu wazee, anawauliza mifugo imeshindaje, anawapa pole kwa kiangazi, na anawaambia vile vioo ni miwani yake, macho yake ni dhaifu. Wazee wakaguna kwa huruma. Aliyeinuka akakaa. Jenereta ilipowaka, mgeni alipigiwa makofi ambayo hadi leo hajui yalitoka wapi.

Basi ukiwaambia watu wa mtaa wetu kwamba mtu huyu anatupotezea daraja, walikukumbusha vioo.

Sasa nieleze kikao cha bajeti, maana hapo ndipo moyo wangu ulipoungua. Mara moja kwa mwaka wananchi huitwa ukumbini waseme wanataka nini. Kila mtaa hutoa msemaji mmoja, na msemaji ana dakika tatu. Mbele hukaa karani msichana mwenye kengele ndogo ya mezani. Kengele ikilia, maikrofoni inachukuliwa. Kilichosemwa kinaandikwa. Kisichosemwa hakikuombwa.

Mwaka wa kwanza nilimchapia karatasi. Akaikunja, akaiweka chini ya kofia yake, akaniambia, "Iko kwa kichwa." Akasimama.

"Salaam aleikum." Waislamu wakaitikia. "Habari zenu." Wakristo wakaitikia. "Muuga." Wameru wenzangu wakapiga kelele kwa furaha, na mimi pia, nakiri, niliitika kabla sijajizuia. "Nagaa." Waborana wakajibu. "Nabad." Wasomali. "Ejok." Waturkana wa Ngare Mara wakainua fimbo. Hakuishia hapo, kwa sababu salamu za wafugaji si neno moja. Lazima uulize ng'ombe, uulize mvua, uulize wagonjwa, na uombe baraka ambayo wazee huitikia "nagaa" kila unapopumua. Ukumbi wote ulikuwa unaitika. Hata karani alikuwa akitabasamu, mkono juu ya kengele. Kisha kengele ikalia.

Karatasi yangu ilikuwa bado chini ya kofia.

Tulipotoka nje watu walimzunguka wakimshika mkono. "Leo umeongea, Mzee! Umeongea!" Nikamuuliza jirani yangu, fundi wa baiskeli, "Ameomba nini?"

Akafikiri. "Sijui," akasema. "Lakini ameongea."

Mwaka uliofuata nilichapa neno moja tu, DARAJA, herufi za kujaza ukurasa. Nikakaa mstari wa mbele nikiwa nimelishika kifuani kama mtu anayempokea mgeni uwanja wa ndege. Aliliona. Alinitikisia kichwa kabisa. Lakini pale karibu na mlango alikuwa amekaa mzee mmoja aliyetoka Biliqo, mbali huko, na shuka lake lilikuwa bado na vumbi la safari. Mkalimani angempitaje? Alimuuliza mvua ya huko. Mzee akajibu kwa kirefu, bila maikrofoni. Alimuuliza ngamia. Kengele ikalia mzee yuko kwenye ngamia wa pili.

Mtaa wa jirani uliomtuma kijana na karatasi ya mistari minne ulipata choo cha soko.

Nilimfuata nyumbani kwake siku hiyo, nikasahau adabu. "Mzee, Mama Halima amezaa kwa mchanga. Unajua. Mtoto unambeba kila siku. Kwa nini usianze na daraja, halafu usalimie baadaye?"

"Wewe mama, unaingia kwa nyumba ya watu unaomba maji kabla ya salamu?"

"Ile si nyumba ya watu. Ni kikao!"

"Kikao ni watu."

Na ubaya wake ni kwamba hakuwa mjinga. Kuna mwaka mmoja tulipochoka naye tukamtuma mwalimu mstaafu, mtu nadhifu. Mwalimu alisema "Itifaki yote imezingatiwa," akasoma karatasi yangu kuanzia juu hadi chini, daraja likatajwa mara nne. Nilikuwa karibu kulia kwa raha. Kisha mwenyekiti akauliza ukumbi nani anaunga mkono. Nusu ya ukumbi haikuinua mkono. Waturkana walikaa wakitazama madirisha. Wazee wa Kiborana walikuwa wakisafisha meno kwa mswaki wa mti. Nilimuuliza mmoja wao baadaye kwa nini, naye akaniambia, "Huyo mwalimu wenu hakutuona. Aombe kwa hao ameona." Daraja likaandikwa, likakosa uzito, likapitwa na mambo mengine.

Mkalimani hakunicheka. Ingekuwa afadhali angenicheka. Alikuja asubuhi, akakaa kwenye benchi, akasema, "Karatasi yako ilikuwa mzuri," akaomba gazeti. Mwaka uliofuata akarudi yeye, na salamu zake, na kengele.

Ndiyo maana nasema aliniudhi. Mtu anayekosea tu unaweza kumwacha. Lakini huyu alikuwa na haki upande mmoja, mimi nilikuwa na haki upande wa pili, na katikati yetu maji yalipita.

Mara ya mwisho nilimwona siku chache kabla hajafa. Kifua kilikuwa kimembana, akawa hatoki. Wakazi walikuwa wamekutana bila yeye na kunichagua mimi, na niliona vibaya asikie kwa watu. Nikafunga duka mapema, nikaenda. Nilimkuta amekaa kitandani ameegemea ukuta, bila koti, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyokuwa mwembamba. Binti yake alinipa chai ya maziwa kwenye glasi, akampa na yeye, akakaa mlangoni.

"Mama Karatasi, nimesikia ni wewe," alisema kabla sijafungua mdomo. "Umeandika?"

Nikatoa karatasi. Ilikuwa nusu ukurasa. Daraja lilikuwa mstari wa kwanza baada ya itifaki. Alivaa miwani, akasoma yote, akarudi pale juu.

"Itifaki imezingatiwa," akasoma kwa sauti. "Huyu Itifaki ni mtoto ya nani?"

"Mzee, tafadhali."

"Geuza. Andika huko nyuma."

Nikageuza. Akaanza kunitajia salamu moja baada ya nyingine, nami nikaziandika: salaam aleikum, habari, muuga, nagaa, nabad, ejok. Mtu huyu! Miaka yote nimemwomba ashike karatasi, na sasa karatasi imeingia nyumbani kwake, anataka iandikwe salamu.

"Na daraja?" nikauliza.

"Hiyo usiandike. Mtu mwenye njaa haandiki chakula. Simama, sema, nisikie."

Nikasimama katikati ya chumba kile. Nilianza haraka, nimepania nifike kwenye daraja. "Salaam aleikum," nikasema, na yeye na binti yake wakaitikia, aleikum salaam, kwa utulivu kama ninawasalimu kweli. Nikasema nagaa, nikalitamka vibaya. Akanirekebisha, nikarudia, akaitika. Nilipofika kwenye ejok, jirani mmoja Mturkana aliyekuwa akipita nje aliitikia kutoka uani, akaingiza kichwa kuona nani anamwita. Tukacheka. Nikalazimika kumuuliza watoto wake hawajambo. Sikuwa nimejua kwamba mtu akikuitikia, mdomo unakuwa mzito kumwacha.

Mkalimani akachukua kijiko, akagonga glasi yake. Ting.

"Muda imekwisha," akasema.

"Mzee, sijasema daraja!"

Alicheka hadi akakohoa, binti yake akaja kumshika mgongo. Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi mkononi, nimekasirika, kwa sababu hakuwa mtu wa kuchekesha tena. Kendi ana miezi saba. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia mimi sitaki kuongea vizuri, nataka mtoto wangu avuke. Sauti yangu ilipanda, na ndani ya nyumba ya mgonjwa.

Akavua miwani, uzi ukabaki shingoni.

"Ongeza moja," akasema. "Ya mwisho. Salimia wale hawajafika."

"Wepi?"

"Wale wa ng'ambo. Sema, watu wa ng'ambo wanasalimia, hawajafika, maji imefunga. Sema Kendi anasalimia. Taja mmoja mmoja. Wacha watu waulize wako wapi."

Nilikaa. Niliiona mara moja: ukumbi wote ukiitikia, halafu ukingoja, halafu ukiuliza. Daraja lingekuwa ndani ya salamu yenyewe, na hata kengele ikilia lingekuwa limeshaingia. Badala ya kufurahi, nilitaka kumtupia ile glasi.

"Mzee, miaka yote hii! Kwa nini wewe hukusema hivyo?"

Alitazama mlango, mahali binti yake alipokuwa amekaa, na nje yake.

"Nilikuwa nasalimia wale naona," akasema. "Sasa nimelala hapa, watu wanapita, ndio nafikiria."

Nikaandika ile salamu chini ya zingine. Hatukuagana kwa maneno makubwa. Aliniambia niache gazeti, nikamwachia.

Nilipofika kwenye laga, maji yalikuwa yamekwisha kuja, mekundu, yanabeba miiba. Kendi alikuwa ameshuka hadi ukingoni upande wa pili kunitazamia, leso kichwani, mkono kiunoni, tumbo mbele. Nilimpigia kelele arudi nyumbani, lakini hakusikia. Akainua mkono kunipungia. Nami nikampungia, nikangoja aanze kuondoka, kisha nikageuka kuzunguka kwa barabara kuu.